Nani Hawezi Kumaliza Peke Yake? Hotuba kwa Walimu wa Historia na Serikali

Walimu wenzangu, wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi mliojipenyeza viti vya nyuma, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mihimili mitatu ya serikali yetu ya Kenya inavyogawana mamlaka na kuwekeana mipaka. Mada hii nimeifundisha miaka mingi, na kwa muda mrefu niliifundisha kama wengi wetu tunavyoifundisha. Nilichora visanduku vitatu ubaoni, nikaandika Bunge, Urais, Mahakama, nikaviunganisha kwa mishale. Bunge hutunga sheria, Urais huitekeleza, Mahakama huifasiri. Watoto wakanakili, wakakariri, mtihani ukaja, wakapita.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu akainua mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo mishale inafanya kazi gani?" Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni, akaketi, lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani. Kwa sababu visanduku tunavieleza kwa saa nzima, na mishale tunaipitia kwa sentensi moja. Na Katiba yenyewe imo kwenye mishale. Mishale inaonyesha upungufu: kila mhimili umenyimwa kitu ambacho mwingine unacho. Bunge lina sheria lakini halina askari. Urais una askari na hauna funguo za pesa. Mahakama haina askari wala pesa, ina neno tu.

Tangu hapo, kila tukio la kitaifa linapotokea, darasani kwangu nauliza swali moja: jambo hili, nani hawezi kulimaliza peke yake? Hilo ndilo nililokuja kuwaachia leo.

Nianze na pesa, maana mwanafunzi anayeijua safari ya shilingi ya umma amekwisha kuielewa nusu ya Katiba yetu.

Kifungu cha 221 kinamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio ya matumizi katika Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka wa fedha unakwisha Juni 30, kwa hiyo makadirio yanafaa kuwa mezani kufikia mwisho wa Aprili. Kamati ya bunge inayachambua, na ni lazima isikilize maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake. Bunge linapitisha sheria ya matumizi, Rais anatia saini. Hapo wanafunzi wote hudhani pesa zimetoka.

Bado. Kifungu cha 206 kinasema hakuna pesa zitakazotolewa katika mfuko mkuu wa taifa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Huyu si mbunge, si waziri, si jaji. Anateuliwa na Rais na kupigwa msasa na Bunge, anahudumu muhula mmoja wa miaka minane, na muhula huo hauongezwi. Hana wa kumbembeleza ili abaki kazini.

Mwambieni mwanafunzi afumbe macho aione meza ya afisi ile. Kuna ombi kutoka Hazina ya Kitaifa: jina la wizara, kiasi, madhumuni. Kando yake imefunguliwa sheria ya matumizi iliyopitishwa na Bunge. Kidole kinashuka mstari kwa mstari kikitafuta kama kiasi hicho kimo, na kama hakijakwisha kutumika. Kikionekana, idhini inatolewa na pesa zinatoka. Kisipoonekana, ombi linarudi lilikotoka, hata kama waziri aliyeliandika yuko karibu na Ikulu namna gani. Ukitaka kumfundisha mtoto maana ya kugawana mamlaka, mfundishe kidole kile.

Mwaka ukiisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana miezi sita ya kutoa ripoti. Haulizi tu kama hesabu zinajumlika. Katiba inamtaka aseme kama pesa zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa. Ripoti inarudi Bungeni, nalo lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hiyo pesa zilizoanzia Bungeni zinarudi Bungeni kuulizwa zilikokwenda.

Kuna mlango wa uani, na tusiwafiche wanafunzi. Kifungu cha 223 kinairuhusu Serikali, dharura ikitokea, kutumia pesa ambazo Bunge halijaziidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka huo, kisha iende kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Mlango huu una sababu njema, maana mafuriko hayangoji kamati ikae. Lakini mlango wa uani ukizoeleka hugeuka lango, na mwalimu anayefundisha bajeti bila kuutaja amefundisha nusu.

Sasa niwarudishe nyuma, kwa sababu vijana hawa hawajui nchi ilikuwaje wakati mtu mmoja aliweza kumaliza jambo peke yake.

Chini ya Katiba ya zamani, Rais alikuwa mbunge. Mawaziri wake walitoka miongoni mwa wabunge. Yeye ndiye aliyeliita Bunge likutane na yeye ndiye aliyelivunja, kwa hiyo tarehe ya uchaguzi mkuu ilikaa mfukoni mwake mpaka apende kuitoa. Jaji Mkuu alimteua mwenyewe. Visanduku vilikuwepo vitatu, kama vya ubaoni kwangu, lakini mkono ulioingia katika vyote ulikuwa mmoja.

Desemba 1975, Bunge lilibadilisha Katiba kwa siku moja ili Rais apewe uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi. Mahakama ilikuwa imemwona waziri Paul Ngei na hatia ya kosa kama hilo, na hatia hiyo ilimzuia kugombea. Mabadiliko yakapita, msamaha ukatoka, na uamuzi wa mahakama ukabaki karatasi. Juni 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na mkaguzi wa hesabu za serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji: jaji angeweza kuondolewa na Rais bila kufikishwa mbele ya jopo lolote. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, baada ya kelele nyingi za ndani na za nje.

Ninapofundisha kipindi hiki sauti yangu hubadilika, na sijaribu kuizuia. Kwa maana hakuna askari aliyevunja mlango wa Bunge miaka ile. Wabunge waliinua mikono wenyewe. Katiba ilihitaji kura ya asilimia 65 ya wabunge wote na kura hiyo ilipatikana, mara kwa mara, kwa utaratibu kamili. Wanafunzi huwa wanadhani mizani ya mamlaka huvunjwa kwa bunduki. Ya kwetu ilivunjwa na watu waliovaa suti, waliosimama kwa zamu na kumwambia Mheshimiwa Spika kwamba wanaunga mkono.

Ndiyo sababu ukiisoma Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, utaona kila kifungu kikubwa kinajibu jeraha fulani. Tarehe ya uchaguzi imetolewa mfukoni mwa Rais ikaandikwa: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Waziri hawezi kuwa mbunge, na hawi waziri kabla ya kupigwa msasa. Jaji anapendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na hata akikosea, hawezi kuondolewa bila jopo. Mshahara wake haupunguzwi kwa hasara yake akiwa kazini. Kumbandua Rais kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, kisha theluthi mbili ya maseneta wote, wala si nyumba moja ikiamka na hasira zake.

Septemba 1, 2017 nilikuwa mbele ya televisheni na walimu wenzangu wakati Jaji Mkuu David Maraga alipoanza kusoma uamuzi wa Mahakama ya Juu. Majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Lilikuwa jambo la kwanza la aina yake barani Afrika. Chumba kile kilinyamaza, kisha kikagawanyika, na wengine hatukusemezana mpaka jioni.

Wengi wanalifundisha tukio hilo kama siku Mahakama ilipoonyesha nguvu. Mimi nalifundisha kinyume chake. Angalieni kile Mahakama ilichoshindwa kufanya. Haikumtangaza mshindi mwingine. Haikumwondoa Rais afisini. Ilisema uchaguzi huu hautambuliki, urudiwe ndani ya siku 60, kisha ikakaa kimya ikingoja. Majaji hawakuwa na karatasi ya kura hata moja. Tume ya uchaguzi ndiyo ilipaswa kuandaa kura upya, pesa zitoke mahali zinapotoka, polisi walinde vituo, na mpigaji kura aamke alfajiri akapange foleni tena. Rais mwenyewe alisema hakubaliani na uamuzi ule lakini atauheshimu. Maneno makali kuhusu majaji yalifuata siku zilizofuata, hilo linajulikana. Lakini uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26, ingawa kwa msukosuko na maumivu mengi. Neno la watu wanne waliovaa majoho lilisimamisha nchi nzima, na lilipata nguvu pale tu wengine walipokubali kulitii.

Yaliyofuata baadaye nitayagusa kwa haraka. Mpango wa BBI (Building Bridges Initiative) wa kubadilisha Katiba uligonga ukuta Mahakama Kuu Mei 2021, ukagonga Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo huo, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikakubaliana kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Rais ana njia zake kupitia Bunge. Njia ya saini za wananchi ni ya wananchi. Kwa mwalimu hilo linatosha kipindi kizima.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni pale Katiba yetu inapokwama, kwa kuwa vitabu vyetu vinaharakisha hapo.

Kuna kungojeana, na kuna kukwamishana. Kungojeana ndiko Katiba ilikokusudia: mswada unamngoja Rais, uteuzi unalingoja Bunge, malipo yanamngoja Msimamizi wa Bajeti. Kukwamishana ni pale mmoja anapojua hana mamlaka ya kukataa, basi anakaa tu.

Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Kwa mujibu wa kifungu cha 166, Rais huteua majaji kulingana na pendekezo la Tume. Hakuna mahali palipoandikwa achambue orodha na kuchagua anaowapenda. Mahakama ilisema hivyo. Orodha ikakaa. Juni 2021 wakateuliwa 34, na sita wakaachwa nje; mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Hao sita walisubiri hadi Septemba 2022, Rais mpya alipoapishwa, ndipo wakala kiapo nao. Fikirini miaka hiyo ilivyokuwa kwa mjane mwenye kesi ya shamba au mfungwa mwenye rufaa. Hakuna kifungu kilichofutwa. Hakuna jaji aliyefukuzwa kazi. Kalamu tu haikushikwa.

Na tusimtwike mzigo huo mtu mmoja, maana Bunge nalo lina lake. Katiba inataka si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Bunge lilipewa muda wa kutunga sheria ya kulitekeleza hilo, likaukosa. Likaagizwa na mahakama, likashindwa tena. Septemba 21, 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge, kama kifungu cha 261 kinavyoagiza. Maneno ya kifungu hicho ni ya lazima: Jaji Mkuu atamshauri Rais, na Rais atalivunja. Kesi zikawasilishwa, ushauri ukasimamishwa kortini, Bunge likamaliza muhula wake wote hadi 2022. Mpaka leo wanafunzi wa kike huniuliza kwa nini kifungu chenye neno "atalivunja" hakikulivunja. Nawaambia kwamba Jaji Mkuu ana neno, na neno linahitaji mkono wa mwingine ili liwe tendo. Jibu hilo haliwaridhishi, na mimi pia haliniridhishi. Ninaamini Katiba hii ilipasa kusema waziwazi nini kinatokea mtu akikalia wajibu wake.

Kwa miswada ilisema. Kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14 na njia mbili tu: atie saini, au aurudishe Bungeni na sababu zake. Bunge likiupitisha tena bila kubadilisha chochote kwa theluthi mbili, Rais ana siku saba, na asipotia saini mswada unakuwa sheria bila yeye. Kukalia kalamu hakusaidii kitu. Linganisheni kifungu hicho na kile cha majaji, mwone tofauti ya mlango uliowekwa saa na usiowekwa.

Ndiyo maana Juni 2024 nilisitisha somo nililopanga. Jumanne, Juni 25, Bunge la Kitaifa lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kwa kura 195 dhidi ya 106, na mchana ule ule vijana wakaingia katika majengo ya Bunge. Wapo waliouawa siku hiyo, na sitawataja kama mfano wa somo. Walikuwa watoto wa watu. Kesho yake Rais alitangaza hatatia saini, akaurudisha mswada Bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Darasani mabishano yalikuwa makali: ameuondoa? ameukataa? anaruhusiwa? Tukafungua kifungu cha 115 tukakisoma neno kwa neno, na kila kijana akaona kwamba hata siku ile Rais hakuwa na njia ya tatu. Sijawahi kuona darasa likisoma Katiba kwa makini namna ile.

Nimalizie na msichana mmoja wa shule niliyofundisha.

Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ile sheria ya mwaka 2013 ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ilikiuka Katiba. Sababu mojawapo ni hii tunayoizungumzia: mbunge anayepitisha bajeti na kuikagua Serikali inavyoitumia hawezi tena kuwa na mkono katika kuitumia. Atamkagua nani? Niliieleza hoja hiyo kwa furaha, maana ni mfano safi kabisa. Wakati huo tayari kulikuwa na sheria nyingine iliyochukua mahali pa ile, lakini hoja ilibaki ile ile.

Msichana huyo hakufurahi. Karo yake ililipwa kwa basari ya CDF. Akasimama polepole, akauliza: "Mwalimu, mbunge akiondolewa hapo, nani atanilipia?"

Niliona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha mishale tena bila kumwona mtu aliyesimama chini yake. Nikamwambia basari ile si pesa za mbunge. Ni za umma, zilitoka mfuko mkuu, zikapita chini ya kidole kile, na zinaweza kupitishwa mkono mwingine bila yeye kukosa karo. Nikamwambia pia kwamba sheria ya kuzipitisha mkono mwingine inatungwa na wabunge wale wale. Akafikiri. Akachukua daftari akachora visanduku vitatu vyangu, akaandika chini ya kila kimoja kile ambacho hakiwezi kukimaliza peke yake kuhusu karo yake. Kisha akachora cha nne, pembeni, akakiacha bila jina.

Nikamuuliza hicho ni cha nani. Akasema ni chake, ila bado hajafika umri. Akaanza kuhesabu kwa vidole mpaka Jumanne ya pili ya Agosti, 2027, akaandika ndani yake: tarehe 10.

Asanteni.